Mdogo wangu yuko fom foo, hivi mwaka wa mwisho wanasoma nini hasa?

DagaaKibirizi

Habari wakuu. Niko Kigoma mjini, nafanya biashara ya dagaa na migebuka pale Kibirizi, shule niliishia darasa la saba kwa iyo mnivumilie swali likiwa la kitoto. Nina mdogo wangu wa kike naishi naye, wazee wako kijijini huko Uvinza, yeye yuko kidato cha nne shule ya kata, kutwa, na mwezi wa 11 ndo anafanya mtihani wa taifa. Mlezi ni mimi, hela ya twisheni inatoka mfukoni kwangu, na kila nikimuuliza mnasoma nini ananijibu "fom foo topiki ni chache kaka, tulishazimaliza, saizi ni kurudia tu". Af ikifika jumamosi anaomba hela ya twisheni masomo manne. Sasa kama ni chache na zimeisha hiyo twisheni ni ya nini jamani?

Anasoma masomo tisa, yale ya lazima pamoja na Fizikia na Kemia, anataka unesi. Juzi ameniletea jipya, anataka Historia na Siviksi aachane nazo, aingie tu kwenye chumba cha mtihani ilimradi, nguvu zote aziweke kwenye sayansi kwa sababu eti "nesi haulizwi vita ya kwanza ya dunia". Nikakosa la kumjibu. Mnaojua nielezeni kwa lugha nyepesi wanasoma nini kila somo na kama huo ujanja wake una maana. Sitaki kumkatalia kitu nisichokijua. Nawasilisha.

---

mtoto_wa_Mwanga

Kaka nimemaliza mwaka jana hapo hapo mjini kwa iyo bado cha moto nakijua 😂 Mdogo wako hajakudanganya ila hajakumalizia. Topiki za fom foo kweli ni chache, tatizo mtihani sio wa fom foo. Ni wa fom wani mpaka fom foo, wanachota popote. Unakuta pepa umeikalia miezi, umekariri topiki za mwisho zote, unafungua swali la kwanza ni kitu ulisoma ukiwa na miaka kumi na nne unacheza rede.

Mfano Mathe. Fom foo ni jiometri ya kuratibu, eneo na mzingo, maumbo ya vipimo vitatu, probabiliti, trigonometri, vekta, matriksi, af ile linia programu. Basi. Lakini pepa ina maswali 14, kumi ya sekisheni A kila moja maksi 6, manne ya sekisheni B maksi 10 kila moja, yote unafanya hakuna kuchagua, na kalkuleta hairuhusiwi, unaingia na kichwa chako na kile kitabu cha majedwali. Sekisheni A yote kwa sehemu kubwa ni vitu vya chini: sehemu, logi, seti, uwiano, faida na hasara. Sisi darasani watu walikuwa wanakimbilia matriksi huku kutoa sehemu kwa sehemu hawajui.

Ushauri wangu Mathe asipoteze muda kama sio kichwa. Kila mtu anaila F hiyo, dunia inaendelea.

---

Ticha_Ngambo

Mwangaluka wakuu. Mimi ni mwalimu wa Historia na Jiografia hapa Tabora, nimefundisha shule za kata miaka mingi, ngoja nianze na huyo kijana wa Mwanga kwanza. Kijana umeeleza vizuri sana mpaka ulipofika kwenye "kila mtu anaila F". Hapo umeharibu.

DagaaKibirizi, masomo ya lazima kwa mtaala anaosoma mdogo wako ni saba: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Biolojia, Historia, Jiografia na Siviksi. (Wadogo zao walioanza juzi wana mtaala mpya, wana hadi somo la Historia ya Tanzania na Maadili, usije ukachanganya vitabu ukienda dukani.) Juu ya hayo saba yeye kaongeza mawili, jumla tisa. Sasa Baraza la Mitihani likitoa matokeo linachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, wanajumlisha. Pointi 7 mpaka 17 ni divisheni wani, 18 mpaka 21 tuu, 22 mpaka 25 thrii, 26 mpaka 33 foo, zaidi ya hapo ni ziro. Ndo maana huyo binti anaona ana masomo mawili ya kutupa. Hesabu yake si ya kijinga, watoto wanaijua sana hiyo.

Ila tumpigie tuone. Tuseme Biolojia C, Kemia C, Fizikia D, Kiswahili C, Jiografia C, Kiingereza D, Hisabati F. Na Historia na Siviksi kazitupa, F zote mbili. Saba bora: C nne ni 12, D mbili ni 8, tumefika 20, na somo la saba lazima achukue F moja, 5. Jumla 25. Thrii ya mwisho kabisa, anachungulia foo. Sasa mtoto huyo huyo, sayansi ile ile hajaongeza hata maksi moja, ila Historia na Siviksi kapata B: C nne 12, B mbili 4, D moja 4, jumla 20. Divisheni tuu. Umeona pointi tano zilikokuwa zimelala? Na B ya Siviksi inaanzia maksi 65 tu. C ni 45.

Yani masomo anayotaka kuyatupa ndo yenye pointi za karibu, kwa sababu mtoto wa sayansi anayeweza kukariri hatua za titresheni (ile ya maabara ya kupima asidi) atashindwaje kuandika insha ya utandawazi. Siviksi fom foo yenyewe ni utamaduni na utandawazi, mada mbili, yaliyobaki ni ya nyuma: katiba, haki za binadamu, demokrasia, jinsia, umaskini, stadi za maisha. Mambo anayoyasikia redioni kila siku.

---

Kichwa_Ngumu

Ticha hapo kwenye pointi nimekuelewa ila tuwe wakweli, Historia inatesa. Tarehe, majina, sababu sita, athari sita, nani anakumbuka? Na yote kwa Kiingereza. Mtoto wa kata anaandika kile alichokariri neno kwa neno, akisahau neno moja insha nzima imekufa.

---

Ticha_Ngambo

Inatesa kwa sababu inafundishwa kama imetokea mwezini. Mtoto wa Kigoma na Tabora hana haki ya kufeli Historia, nasema hivi wakinikasirikia na wakasirike. Ukichukua mada za fom thrii na fom foo karibu zote zimepita mlangoni kwake.

Uchumi wa kikoloni, fom thrii. Mjerumani kajenga reli ya kati, ikafika hapa Tabora 1912, Kigoma 1914. Ya nini? Mtihani unataka aseme: kusafirisha malighafi, kupeleka askari, kuunganisha bara na bandari. Stesheni ya Kigoma anaiona kila akienda mjini. Kazi za vibarua: kwa nini sehemu nyingine zililimishwa katani na kahawa, na sehemu nyingine zikaachwa bila zao lolote la maana ili watu wake waende kuwa vibarua? Kigoma ndo mfano unaoandikwa kwenye madaftari nchi nzima, Waha wakapelekwa mashamba ya katani kama manamba. DagaaKibirizi muulize mzee wako huko Uvinza, sitashangaa kwenye ukoo wenu yupo aliyekwenda.

Fom foo sasa. Mada ya kwanza ni migogoro ya mfumo wa kibepari, ndo hiyo vita ya kwanza ya dunia ambayo nesi haulizwi. Binti aende bandarini aulizie Liemba. Ile meli Wajerumani waliitengeneza kwao ikaitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapo hapo Kigoma, ikashushwa ziwani 1915 katikati ya vita. 1916 mambo yalipowawia magumu wakaizamisha wenyewe adui asiichukue, na mwezi wa 9 mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Swali likija "eleza athari za vita ya kwanza ya dunia Afrika Mashariki" huyo binti ana mfano ambao mtahini hajausoma kwenye daftari la mtu mwingine yeyote siku hiyo. Na akieleza koloni likahama mkono toka kwa Mjerumani kwenda kwa Mwingereza chini ya Shirikisho la Mataifa, hiyo ni hoja nyingine tayari.

Mada inayofuata, utaifa na kudai uhuru. Januari 1958 TANU walikaa mkutano hapa Tabora, ukaitwa Uamuzi wa Busara, swali likiwa washiriki ule uchaguzi wa kura tatu au wasusie. Kura tatu maana yake kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wakaamua kushiriki, wakashinda. Mwalimu Nyerere mwenyewe kasoma Tabora na kafundisha Tabora. Baada ya hapo kuna sera baada ya uhuru, Azimio la Arusha 1967 na ujamaa, halafu Afrika kwenye mambo ya kimataifa. Mada nne. Kisha arudi nyuma kwa biashara ya masafa marefu, Wanyamwezi, Ujiji, mtemi Mirambo, na mtemi Isike aliyewagomea Wajerumani mpaka 1893. Yote yako huku kwetu!

Samahani nimeandika refu, somo langu hilo.

---

MamaWawili_Kasulu

Ticha hapana usiombe samahani, mimi nimesoma yote na chai imepoa 😄

DagaaKibirizi mwanangu, mimi nina mabinti wawili walishapita huko, na mmoja alianguka akarisiti, kwa iyo nitakwambia kitu ambacho walimu wanakipita haraka. Lugha. Huyu mtoto kasoma Kiswahili darasa la kwanza mpaka la saba, kaingia fom wani kila kitu Kiingereza. Ukitoa Kiswahili na somo la dini ya Kiislamu, mtihani wake wote ni Kiingereza. Sasa kuna watoto wanajua Biolojia vizuri kabisa ukiwauliza kwa Kiswahili, ila swali limeandikwa wataje tofauti wao wanaeleza maana, maksi zimekwenda. Binti yangu mkubwa ndo kilichomwangusha hicho. Alikuwa anajua.

Kwa iyo Kiingereza asikione ni somo moja kati ya tisa. Fom foo wanasoma riwaya, tamthiliya na mashairi na kuzijibia maswali, kuandika barua, kuandika ripoti, sarufi kidogo. Ile sehemu ya vitabu ndo ina insha na ndo watoto wengi wanaandika hadithi ya kitabu toka mwanzo mpaka mwisho badala ya kujibu swali. Mwambie asome kitabu chenyewe, sio vile vimuhtasari vya stendi.

Kiswahili nacho wasikidharau. Kila mwaka kuna mtoto anasema Kiswahili si ndo lugha yetu, anapata D. Mle ndani kuna ngeli, kuna mnyambuliko wa vitenzi, uundaji wa maneno, chimbuko la Kiswahili na ushahidi wa kiisimu na wa kihistoria, fasihi simulizi na namna inavyohifadhiwa, uhakiki wa vitabu vya riwaya, tamthiliya na ushairi. Kuongea Kiswahili cha Kasulu sokoni hakukusaidii kuchanganua sentensi kwa matawi.

---

DagaaKibirizi

Aisee nimejifunza kwa siku moja kuliko miaka. Mama wa Kasulu shikamoo na ahsante. Ticha nimempigia simu mzee Uvinza, kumbe babu mzaa baba alikwenda Tanga kwenye katani akiwa kijana, hajawahi kutuambia kwa sababu hatujawahi kumuuliza.

Naomba nirudi kwa Mathe, hii linia programu ni nini? Mdogo wangu anasema ndo ngumu kuliko zote na ndo anataka twisheni yake. Na kwenye sayansi za unesi mnishauri.

---

mtoto_wa_Mwanga

Hahaha kaka linia programu ni wewe hapo Kibirizi. Serious. Ngoja nikutungie swali.

Una mtaji 1,200,000. Gunia la dagaa unanunua 100,000, tenga la migebuka 150,000 (bei za kutunga usinirushie mawe). Gari inayopeleka Kasulu imekuachia nafasi ya mizigo 10 tu, iwe gunia au tenga. Gunia likiuzwa linakupa faida 20,000, tenga 25,000. Ununue ngapi ngapi upate faida kubwa?

Dagaa iite x, migebuka y. Sharti la gari: x + y isizidi 10. Sharti la mtaji: 100,000x + 150,000y isizidi 1,200,000, ukirahisisha ni 2x + 3y isizidi 24. Na hakuna gunia hasi. Unachora hiyo mistari miwili kwenye grafu, unapata eneo lenye pembe, unapima faida kwenye kila pembe. Ukijaza dagaa tupu, gunia 10, faida 200,000. Ukinunua migebuka tupu mtaji unaisha kwenye tenga 8, faida 200,000 vile vile. Ila mistari inapokutana ni x 6 na y 4: faida 120,000 + 100,000 = 220,000. Swali limeisha, maksi 10 mfukoni.

Mkae wote wawili jioni umpe bei zako za kweli afanye yeye. Sio twisheni hiyo ni kikao cha biashara.

Na ticha nimekubali, niliteleza kwenye F. Mathe akamate zile za uhakika: hiyo linia programu, takwimu, seti, akaunti (ile ya kitabu cha fedha na mizania), na dunia kama tufe. Dunia kama tufe fomula ni chache, ukijua latitudo na longitudo umemaliza. Kigoma na Tabora zote ziko karibu nyuzi 5 kusini, moja longitudo 29.6 nyingine 32.8, tofauti 3.2. Chukua 3.2 gawa kwa 360, zidisha mzingo wa dunia, zidisha kosaini ya 5, unapata kama kilomita 356. Treni yenyewe inazunguka zaidi ya hapo na mnajua wenyewe inavyochelewa.

---

Nesi_Ipuli

Habari za jioni, mimi nesi hapa Tabora. Nimeona unesi umetajwa nikashtuka.

Mwambie mdogo wako vyuo vya afya ngazi ya stashahada wanaangalia pasi kwenye Kemia, Biolojia na Fizikia, hizo hazina mjadala, na Hisabati na Kiingereza vinamuongezea nafasi pale ushindani ukiwa mkubwa. Kwa iyo masomo matatu ya sayansi asiyaache hata moja lifike F. Akipata divisheni nzuri kwa masomo ya sanaa lakini Fizikia F, chuo cha unesi kitamrudisha mlangoni. Na akitaka kupitia kidato cha tano anahitaji krediti, yani C kwenda juu, zisizopungua tatu, masomo ya dini hayahesabiki hapo, na pointi zisizidi 25. Ule mfano wa ticha wa 25 ndo ukingo wenyewe.

Biolojia fom foo: ukuaji, jenetiki, uainishaji wa viumbe, mageuzi, na UKIMWI na magonjwa ya ngono. Jenetiki ndo inayowachanganya na ndo ninayoitumia kazini kuliko zote. Baba na mama wote wawili hawaumwi lakini kila mmoja kabeba kinasaba kimoja cha siko seli. Mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa? Ndio, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Wazazi wanakaa mbele yangu wanalaumiana nani kaleta ugonjwa kwenye ukoo, na jibu liko kwenye kale kamchoro ka herufi kubwa na ndogo anakofundishwa sasa hivi. Kwenye mageuzi nako, ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki jamii ya siklidi na wengi wao hawapatikani kwingine duniani, mfano uko Kibirizi kwenye ndoo.

Fizikia fom foo ni mawimbi, sumaku umeme, mionzi, elektroniki na astronomia kidogo. Kemia ni zisizo metali, kemia ya kaboni, udongo na uchafuzi. Ila kama wenzangu walivyosema kinachowaua ni fom thrii: ile hesabu ya moli, yani kipimo cha kiasi cha kemikali. Asipoijua moli titresheni hawezi, na titresheni iko kwenye prakitiko.

Hapo kwenye prakitiko ndo twisheni ina maana. Kama shule yake maabara iko kwa jina tu, atafute mahali anapoweza kushika bureti (ule mrija wa kioo wenye koki) kwa mkono wake, kufungua koki aone asidi ikidondoka tone tone na rangi ikigeuka kwa tone moja. Au kupima chakula: iodini kwenye uji wa muhogo inakuwa bluu nyeusi, dawa ya Benedict na glukosi ukichemsha inatoka bluu inapanda mpaka rangi ya tofali. Mtoto aliyeona hajibu kwa kukisia.

---

Kichwa_Ngumu

Jiografia hakuna aliyeisema. Ticha si ndo lako pia au umeishiwa bando?

---

Ticha_Ngambo

Bando lipo. Jiografia ramani kwanza, akishindwa kusoma ramani asiniite mwalimu. Ramani, picha, takwimu, upimaji wa ardhi kwa mnyororo, vyote ni vya fom thrii na vinakuja kila mwaka kwa namna moja au nyingine, ni kazi za mkono, maksi zake hazihitaji insha. Fom foo yenyewe ni utafiti, hali ya hewa na maeneo asilia, idadi ya watu, makazi, na mazingira. Idadi ya watu ajue sensa ya 2022 Tanzania tulihesabiwa 61,741,120. Mazingira mfano autoe huku Tabora, tumbaku ya Urambo na Kaliua, miti ya miombo inavyokatwa kukaushia majani. Bonde la ufa yuko nalo hapo, ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, limetokana na ardhi kukatika na kushuka. Achore kamchoro kake.

---

DagaaKibirizi

Wakuu jana usiku nilikaa naye nikamuuliza kwa kutumia maneno yenu nikijifanya najua. Fom foo kajibu vizuri. Nikamwambia haya nieleze moli, akaanza kucheka, akasema kaka nani kakufundisha hilo neno. Hakujibu lakini. Tumekubaliana twisheni ya Kemia na Mathe naendelea kulipa, zile nyingine mbili aache, Historia na Siviksi hazitupi, akasema hiyo hesabu ya pointi tano hakuwahi kuipiga upande huo. Ile ya Liemba hakuwa anaijua kabisa na anapita bandarini kila wiki.

Swali la mwisho, mapasti pepa, ile mitihani ya miaka ya nyuma, nanunua wapi? Kuna jamaa anauza elfu tano kila somo.

---

Ticha_Ngambo

Usinunue kwa huyo. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina fomati za mtihani za kila somo, inaonyesha sekisheni ngapi na maksi ngapi, na ina zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, wanaeleza wengi walikosea wapi na wanaweka hadi sampuli ya jibu zuri na jibu baya yaliyoandikwa kwa mkono na watoto wenyewe. Bure. Nenda steshenari yoyote hapo Mwanga, mwambie akupakulie ya Kemia na ya Basic Mathematics za miaka mitatu ya karibuni, akuprintie mbele na nyuma, utalipia karatasi tu. Uanze na Kemia.

---

MamaWawili_Kasulu

Na ya Kiingereza jamani.